Mtani Asiyejua Utani: Mmarekani Anayeishi kwa Waingereza

Kwa watu wa kwetu Kongo, neno Mzungu ni kapu kubwa. Humo huingia Mbelgiji wa utawala wa kikoloni, Mgiriki mwenye duka, mmisionari Mmethodisti aliyetoka Marekani, hata mhandisi Mwingereza wa siku za mwanzo za migodi ya Katanga. Kwa hiyo msomaji aweza kudhani ya kwamba Mmarekani anayehamia Uingereza amerudi tu kwa babu zake: lugha ni moja, majina ya koo ni yale yale, na vitabu walivyosomeshwa utotoni havikutofautiana sana. Mambo hayako hivyo. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta katika England na Wales watu zaidi ya 170,000 waliozaliwa Marekani. Mara chache wenyeji huwaita wahamiaji, jina ambalo hawasiti kumpa Mjamaika, Mhindi au Mpolandi. Lakini pia hawawahesabu kuwa wenzao. Makala haya yanakusudia kueleza hali hiyo ya katikati imetoka wapi, na kwa nini imedumu.

Tuanze na fedha, maana ndiyo iliyotangulia. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, makabaila wengi wa Uingereza walikuwa na majumba makubwa yaliyovuja mapaa na mashamba yaliyoshuka bei. Huko New York walikuwapo matajiri wapya wenye mabinti. Jennie Jerome, mzaliwa wa Brooklyn, aliolewa na Lord Randolph Churchill mwaka 1874, akawa mama yake Winston Churchill. Mwaka 1895 Consuelo Vanderbilt aliolewa na Duke wa Marlborough, na mali ya baba yake ikalitengeneza jumba la Blenheim. Msomaji atambue ajabu yake: kwetu mume ndiye apelekaye mali ukweni, kumbe kule baba wa bibi arusi ndiye aliyelipa, na alilipa ili binti yake aitwe kwa cheo. Waingereza walipokea mali hiyo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto wakaziba pua. Yalisemwa magazetini na katika michezo ya kuigiza kuwa wageni hao wanapiga kelele, wanavaa vito mchana, na wanataja bei ya vitu mbele ya watu.

Si kwamba ukarimu wa Mmarekani haukutambuliwa kabisa. George Peabody, mfanyabiashara wa Massachusetts aliyehamia London mwaka 1837, alitoa mwaka 1862 mfuko wa kuwajengea maskini wa jiji hilo nyumba za kupanga, na nyumba za mfuko huo zinakaliwa hadi leo. Alipewa heshima ya uraia wa Jiji la London, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani, na sanamu yake ilisimamishwa angali hai. Lakini Peabody alisifiwa kwa kuwa alitoa kimya kimya na kuishi kwa kiasi. Kwa maneno mengine, alisifiwa kwa kutofanana na picha ya Mmarekani waliyokuwa nayo wenyeji.

Picha hiyo ilikomaa wakati wa vita. Kikosi cha kwanza cha askari wa Marekani kilishuka Belfast tarehe 26 Januari 1942. Ilipofika Juni 1944, kabla ya kuvuka kwenda Normandie, walikuwa takriban milioni moja na nusu, katika nchi ambayo wakazi wake hawakufika milioni hamsini. Methali yetu yamtaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Je, mgeni akija na jembe lake, chakula chake na bunduki yake, na mwenyeji hana hata nyama ya kumkaribishia? Ndiyo iliyokuwa shida ya Waingereza. Chakula chao kiligawiwa kwa vipimo tangu Januari 1940, na mgao huo haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Askari wa Kimarekani alilipwa mara kadhaa kuliko askari wa Kiingereza wa cheo kilekile. Alikuwa na sigara, peremende, na soksi za nailoni za kuwapa wasichana. Watoto walimfuata barabarani wakiomba chingamu. Wanaume walitunga msemo, ambao bado unakumbukwa, kwamba wageni hawa wana makosa matatu: mshahara umewazidi, tamaa ya wanawake imewazidi, na tena wako hapa. Kosa la tatu ndilo hasa lililouma.

Wizara ya Vita ya Marekani iliona mbele, ikawapa askari wake mwaka 1942 kijitabu cha mafunzo kuhusu wenyeji. Kiliwaonya wasijigambe, wasionyeshe fedha, wasimseme vibaya mfalme, wala wasidhani ya kwamba mtu mwenye sauti ya chini ni mtu dhaifu. Ni mara chache jeshi kubwa limejieleza namna hiyo mbele ya adabu za wengine. Askari wetu wa Force Publique waliopelekwa mbali katika vita hivyo hivyo wangefaidika nacho.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi sisi Waafrika ni hili. Kati ya askari hao, takriban 130,000 walikuwa Wamarekani weusi, na jeshi lilikuja na sheria zake za kuwatenga. Waingereza wengi wa vijijini hawakuwa wamepata kumwona mtu mweusi. Walipowalinganisha wageni wao, wengi waliwapenda hawa weusi kuliko wenzao weupe, kwa kuwa walikuwa wapole na wenye shukrani. George Orwell aliliandika jambo hilo gazetini Desemba 1943. Huko Bamber Bridge, kijiji cha Lancashire, inasimuliwa kuwa wenye vilabu vya pombe walipotakiwa kuwabagua askari weusi walibandika matangazo yaliyosema kwamba vilabu vyao ni vya weusi peke yao. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943 polisi wa kijeshi walijaribu kuwakamata askari weusi kadhaa waliokuwa wakinywa hapo. Risasi zikalia, askari mmoja, William Crossland, akafa, na wenzake wengi wakashtakiwa kwa uasi.

Mwaka uliofuata wakazi wa mji wa Bath waliposikia kuwa Leroy Henry, askari mweusi, amehukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi ya Marekani kwa shtaka la kumnajisi mwanamke wa eneo lao, watu 33,000 walitia saini ombi la kumtetea, kwa maana ushahidi haukuwaridhisha. Jenerali Eisenhower akaifuta hukumu hiyo. Tukumbuke kwamba sheria ya Uingereza haikuwa na adhabu ya kifo kwa kosa hilo. Lakini sheria nyingine, iliyopitishwa mwaka 1942, iliwaondoa askari wa Marekani chini ya mahakama za nchi waliyomo.

Hata hivyo mtu asifanye haraka ya kuwasifu Waingereza. Baraza lao la Mawaziri lilikata shauri mwaka 1942 kutosaidia kutekeleza ubaguzi wa jeshi la Marekani, lakini halikuupinga, na liliona ni vema raia wasiwe na urafiki wa karibu mno na askari weusi. Mwaka 1943 hoteli moja ya London ilimkatalia Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, kumaliza siku alizokodi, kwa hoja kwamba wageni Wamarekani wangechukia. Aliishtaki, akashinda mwaka 1944. Wanawake wa Uingereza wapatao 70,000 walikwenda Marekani kuwa wake za askari; lakini waliozaa na askari weusi walikuta makamanda wakikataa kutoa ruhusa ya ndoa, na watoto hao, wanaokadiriwa kufikia 2,000, walibaki, wengi wao katika nyumba za kulelea watoto. Basi ubaguzi wa Mmarekani ulimpa Mwingereza nafasi ya kujiona mwema bila kuulizwa habari za makoloni yake. Nadhani starehe hiyo haijamwisha hadi leo: mara nyingi Mmarekani hutumiwa kama kioo kinachompendezesha anayejitazama.

Sasa tufike kwenye lugha, ambako wasomaji wa jarida hili watajiona nyumbani. Mwingereza humtambua Mmarekani akifungua kinywa tu, na hukumu hufuata papo hapo. Lawama hii ni ya zamani. Mwaka 1832 mshairi Coleridge alilikemea neno «talented», mtu mwenye kipaji, akalihesabu kuwa takataka iliyoletwa kutoka Marekani. Leo hakuna Mwingereza asiyelitumia, na uchunguzi umeonyesha kuwa lilitumika Uingereza kwenyewe. Vilevile wasomaji wengi wa magazeti ya London hukasirika wakiona vitenzi vinavyoishia kwa «-ize» badala ya «-ise», wakidai ni uharibifu wa Kimarekani, ilhali kamusi kubwa ya Oxford imeshika «-ize» tangu mwanzo. Na maneno kama «fall» kwa majira ya kupukutika majani, au «gotten», hayakubuniwa ng'ambo ya bahari. Yalisafiri na wahamiaji wa karne ya 17, yakahifadhiwa huko, kisha wenye nyumba wakasahau kuwa yalikuwa yao.

Nani kati yetu asiyeijua hali hii? Mtu wa Lubumbashi akisema «katoto» na «tutoto» mbele ya mtu wa pwani, huchekwa kwamba amekivunja Kiswahili. Lakini ngeli ya ka-/tu- si uzushi wa wachimba migodi. Ni ngeli ya kale ya Kibantu, iliyohifadhiwa na majirani zetu Waluba na Wabemba, ambayo Kiswahili cha pwani kiliiacha. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa kabisa, maana Mmarekani ana filamu, muziki na fedha za kulipiza kicheko, nasi hatuna. Nasema tu kwamba katika mahakama ya lugha anayechekwa si lazima awe ndiye aliyeharibu.

Baada ya lugha huja namna ya kuitumia. Mwingereza akisema jambo «si baya», huenda amelisifu sana. Akisema «labda tutaonana», huenda ameaga moja kwa moja. Mmarekani huchukua maneno kama yalivyo. Hutaja jina lake kabla ya kuulizwa, humsemesha jirani kwenye gari la moshi, humwuliza kazi yake, na husifu bila kuweka dosari ndani ya sifa. Wenyeji huona hapo mambo mawili kwa pamoja, na hawaamui lipi ni la kweli: ukunjufu wa moyo ambao wanautamani, na utoto ambao wanaudharau.

Kwa maoni yangu, neno letu la utani ndilo linalofungua fumbo hili. Mtani hutukanwa kwa kuwa ni jamaa. Tusi lilelile kwa mtu baki lingeleta kesi. Mwingereza mwenye adabu, ambaye asingethubutu kumwigiza Mhindi mezani, humwigiza Mmarekani mbele yake na kungoja acheke. Yaani amemhesabu kuwa wa nyumbani. Lakini utani wataka pande mbili zinazojua masharti, na mmoja wao hapa hana habari kwamba mchezo umeanza: yeye huona ametukanwa, au hajibu kitu. Tena kuna kinyongo cha aliyeshuka. Tangu mwaka 1956, Marekani ilipoilazimisha Uingereza kuondoka Suez kwa kuibana sarafu yake, kejeli imekuwa mali ambayo Mwingereza anaweza kuitumia bila kukopa.

Wenyeji pia hutenga mtu na serikali yake, japo si siku zote. Ndege za Marekani ziliporuka kutoka kambi za Uingereza kwenda kuipiga Libya Aprili 1986, wengi walikasirika sana. Wanawake waliopiga kambi Greenham Common tangu 1981 kupinga silaha za nyuklia walikaa hapo hadi mwaka 2000, miaka tisa baada ya makombora kuondolewa. Na swali la mwaka 1942, sheria ya nani ina nguvu, halijazimika. Mwaka 2019 ajali ya barabarani karibu na kambi moja ya Northamptonshire ilimwua kijana, na dereva Mmarekani akaondoka nchini kwa kinga ya kidiplomasia. Alikiri kosa mwaka 2022, akiwa mbali, kwa njia ya video. Hasira ya wenyeji haikuwa ya utani.

Miongoni mwa waliopokelewa, wachache walipata zaidi ya Bill Bryson, mzaliwa wa Iowa, ambaye kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya safari zake Uingereza kilipendwa sana na wenyeji. Alijifunza kuwataniwa, naye akawatania. Sam Wanamaker hakuwa na ustadi huo. Mwigizaji huyo wa Chicago alifika London mwaka 1949, akatafuta mahali palipokuwa ukumbi wa Globe wa Shakespeare, yule tunayemsoma kwa Kiswahili kwa kazi ya Mwalimu Nyerere. Akakuta bamba tu kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Alihamia Uingereza Marekani ilipokuwa ikiwaandama wasanii walioshukiwa ukomunisti, na mwaka 1970 akaanzisha mfuko wa kuujenga upya ukumbi huo. Kwa miaka mingi aliambiwa kuwa analeta kiwanja cha kuchezea watalii, na kwamba Mmarekani hawezi kuwafundisha Waingereza thamani ya mshairi wao. Halmashauri ya mtaa ilimpinga hadi mahakamani. Alifariki Desemba 1993, kuta zikiwa bado zinajengwa. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1997, na Waingereza hujaa humo kila kiangazi, wengi wakisimama mvuani, kwa kuwa katikati hauna paa.