Metali Inayokomaa Mezani (Makala ya Nne)

Mwezi Agosti 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu baadhi ya vyombo vya kupikia vya alumini vilivyoingizwa nchini humo kutoka nje. Vilipopimwa, vilionekana vinaweza kutoa metali ya risasi na kuitia kwenye chakula. Miongoni mwa vilivyotajwa ni vya aloi za Kihindi zinazouzwa kwa majina kama Hindalium na Indalium. Tangu habari hiyo ianze kuzunguka kwenye simu za watu, nimeulizwa swali lilelile dukani, barazani na hata msibani: "Mwalimu, na sufuria zetu je?" Nitalijibu. Lakini huwezi kuelewa kwa nini kitu fulani hakitakiwi ndani ya alumini kabla hujaelewa kwa nini vingine vinatiwa humo kwa makusudi. Basi tuanzie huko.

Walionifuata tangu makala ya kwanza wanakumbuka tulivyoichimba boksiti, tukaichemsha kwa kostiki soda hadi tukapata unga mweupe, kisha tukaingia kwenye tanuru la umeme la wale vijana wawili, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, walioivumbua njia ileile mwaka 1886 bila kujuana. Sitarudia. Kinachotoka kwenye tanuru hilo ni alumini iliyo karibu tupu, nayo ni legevu. Chukua waya wake wenye unene wa milimita moja ya mraba, uning'inize mzigo: ukifika kilo tisa hivi unakatika. Sasa itie shaba asilimia 4 na ushee, magnesiamu asilimia 1 na nusu, manganizi kidogo, halafu uipashe moto inavyostahili. Waya wa unene uleule utabeba kilo 48. Aloi ya zinki, magnesiamu na shaba ambayo wenye viwanda huiita 7075 inafika 57. Na uzito haukupanda ila kiduchu, kutoka gramu 2.7 hadi 2.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Ndege zilijengwa juu ya tofauti hiyo.

Chumvi kidogo namna hiyo inabadilishaje chungu kizima? Metali hupinda kwa sababu safu za atomu zake huteleza moja juu ya nyingine. Atomu ya magnesiamu ni kubwa kuliko ya alumini kwa asilimia 12 hivi, na ikikaa kati ya wenzake ni kama abiria mnene kwenye kiti cha daladala: safu yote inabanana, na anayetaka kupita anakwama. Mashua na meli za alumini hutengenezwa kwa aloi za jamii hiyo, zenye magnesiamu asilimia 4 hadi 5, ambazo pia huvumilia maji ya chumvi. Haziombi moto wala ufundi wa ziada. Ni aloi za heshima, lakini hazina hadithi. Mwenye hadithi ni shaba, na hadithi yake nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi kwa miaka mingi, wengine wakisinzia.

Alfred Wilm alikuwa mtaalamu wa metali katika kituo cha utafiti cha Neubabelsberg, karibu na Berlin. Alipewa kazi ya kutafuta alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi za bunduki badala ya shaba ya njano. Alijua, kama kila mhunzi anavyojua, kwamba feleji ikichomwa hadi ikawaka nyekundu kisha ikatoswa majini, hukaza. Akajaribu hivyohivyo kwa alumini yenye shaba asilimia 4 na magnesiamu nusu asilimia: akaipasha hadi nyuzi 500 na ziada, akaitosa. Ikatoka laini. Mwaka 1906, kama inavyosimuliwa, msaidizi wake alianza kupima ugumu wa kipande kimoja Jumamosi, saa za kazi zikaisha, wakafunga mlango. Jumatatu walipokamilisha vipimo, kipande kilekile kilikuwa kigumu kuliko walivyokiacha. Hakikuguswa na mtu. Kilikuwa kimekaa tu mezani, kinakomaa chenyewe kama ndizi za kuvundika, ila ndizi hulainika na hiki kilikaza.

Mtu mwingine angeilaumu mashine ya kupimia, akafuta namba na kuanza upya. Wilm alipima tena, akaandika, kesho yake akapima tena. Hapo ndipo ninapogombana na vijana wetu wa karakana. Fundi hodari anayesubu vyombo miaka 20 ukimwomba daftari lake anakuonyesha kichwa chake. Kichwa hufa. Daftari la Wilm lilizaa hataza, hataza ikachukuliwa na kiwanda cha Dürener Metallwerke katika mji wa Düren, na jina la mji likaungwa na jina la metali: duralumini. Mwenyewe hakubaki kwenye fani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliacha metali akaenda kulima, akafariki mwaka 1937.

Sababu ya jambo aliloliona hakuijua. Mwaka 1919 Paul Merica na wenzake wa Marekani walitoa maelezo: shaba huyeyuka ndani ya alumini ya moto kama sukari katika chai, hadi asilimia 5 na zaidi kwenye nyuzi 548, lakini ikipoa haina nafasi ya kukaa. Ukiipoza kwa kuitosa, shaba inanaswa humo bila kupenda. Halafu siku zikipita, atomu zake zinatafutana polepole na kujikusanya katika visahani vidogo mno, ambavyo havikuonekana hadi 1938, Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza walipovinasa kwa eksirei, kila mtu kivyake. Na kichekesho ni hiki: kasha la injini ya ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903 lilikuwa la alumini yenye shaba asilimia 8. Lilipochunguzwa miaka ya 1990, visahani vilikutwa humo. Ndege ya kwanza iliruka ikiwa na siri ambayo walioisubu injini yake hawakuwa na habari nayo, miaka mitatu kabla ya Jumatatu ile ya Wilm.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo vitabu vyetu vya shule huipita kimya. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya anga ya Kijerumani, zepelini L59, yenye urefu wa mita 226, ilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria, ikielekea huku kwetu. Ilibeba tani kama 15 za risasi, bunduki na dawa kwa ajili ya jeshi la kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck lililokuwa likikimbizwa kusini mwa Tanganyika. Mifupa yake ilikuwa ya duralumini. Haikutarajiwa kurudi, kwa kuwa huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza tena. Ingetua ichinjwe kama ng'ombe wa shughuli, kila kiungo na matumizi yake: kitambaa kishonwe mahema, mifupa isimamishwe iwe milingoti ya redio. Ikavuka Mediterania, ikavuka Misri, ikafika juu ya Sudan, na huko magharibi ya Khartoum ikapokea kwa redio amri ya kugeuza. Ilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, mizigo yake ikiwa vichwani mwa wapagazi, kundi ambalo maelfu kwa maelfu yake walikufa kwa njaa na maradhi katika vita isiyowahusu. Wapenda zepelini huwasahau hao. Mimi pia niliwasahau nilipokuwa kijana.

Huwa najiuliza: kama ingefika, baada ya vita mifupa ile ingeishia wapi? Jibu ni jepesi. Ingeishia kwa mafundi, na mafundi wangeipasha moto wa mkaa wapate kuigonga. Hapo ndipo duralumini ingewasaliti. Ukiipasha hadi nyuzi 200 na zaidi na kuiacha humo, vile visahani havibaki vidogo. Vinaungana, vinakuwa vikubwa na vichache, na nguvu inapotea. Wavuvi wa juya watanielewa upesi. Ukiburuta kamba ya juya juu ya mwamba wenye vijiwe vingi vilivyosongamana, inanasa kila mahali, wala haisogei. Ukiiburuta palipo na majabali makubwa mawili matatu yaliyoachana, kamba inapinda katikati, inayazunguka na kupita. Mtelezo wa safu za atomu ndani ya metali ni kamba hiyo. Kwa hiyo kujua kilichotiwa ndani ya alumini ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua imepita kwenye moto gani.

Hata fremu ya dirisha la alumini, ambayo ndani yake magnesiamu na silikoni kwa pamoja hufika asilimia moja tu, hukomazwa hivyo. Inatosheka na saa chache kwenye oveni. Akija mtu akaichomelea, pale karibu na kiungo imerudi kuwa laini, halafu tunalaumu mwizi kwa kuwa na nguvu.

Silikoni ni rafiki wa anayesubu. Pistoni ya gari huwa na asilimia 12 hivi pamoja na shaba, nikeli na magnesiamu kidogo kidogo. Silikoni huifanya metali itiririke vizuri kwenye kalibu, isijikunje sana ikipoa, isitanuke mno ikipata joto. Fundi anayekuambia "pistoni inamwagika vizuri" amesema kweli, ingawa hakufundishwa darasani. Ubaya wake ni kwamba silikoni ikiganda ovyo hujitenga kama vigae vyenye ncha, na chombo kinakuwa chepesi kuvunjika. Aladár Pácz aligundua karibu mwaka 1920 kwamba ukidondosha chembe ya sodiamu kwenye uji ule wa moto, vigae vinageuka matawi laini kama matumbawe. Siku hizi wengi hutumia stronti.

Lakini adui wa nyumbani ni chuma. Alumini ikiganda haikubali kukaa na chuma, hata kwa sehemu ya kumi ya asilimia moja. Kinachozidi hugeuka vibapa vyembamba vigumu, na ufa huanzia hapo. Kiwandani wanaongeza manganizi ili vibapa vijikunje, visiwe na ncha. Chuma kinaingiaje? Kwa bolti iliyosahaulika kwenye boksi la gia, kwa sufuria ya feleji ya kuyeyushia, kwa nondo ya kukorogea. Na kikishaingia hakitoki kirahisi: kila skrepa inapoyeyushwa upya kinaongezeka. Mimi ninayo sufuria ya kusubu iliyovunjika sikio nikipakua maharage jikoni. Niliutazama mvunjiko kwa kioo cha kukuzia: uling'aa vibapa tupu, kama mchanga wa madini.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikihubiri, bila mafanikio makubwa, kwamba skrepa itengwe mafungu kabla ya kuingia tanuruni. Pistoni na injini peke yake. Fremu peke yake. Makopo ya soda peke yake, na hata kopo moja ni aloi mbili: mwili una manganizi asilimia moja hivi na magnesiamu kiasi kama hicho, kifuniko kina magnesiamu zaidi ya asilimia 4. Sumaku ya spika mbovu inatosha kuondoa bolti. Hakuna anayehitaji mfadhili kwa kazi hiyo.

Nimekula nafasi, na swali la risasi bado. Risasi haina kazi ya nguvu ndani ya alumini. Hazichanganyiki: ikiganda, hubaki matone yaliyotawanyika. Kuna aloi za kuchongwa kwenye mashine ambazo hutiwa risasi kidogo kwa makusudi ili chenga zikatike upesi. Vipande vya namna hiyo, au takataka nyingine zenye risasi, vikiangukia kwenye chungu cha skrepa, vinaishia sufuriani. Watafiti waliochemsha tindikali hafifu katika sufuria za skrepa za Kameruni, na kutangaza matokeo mwaka 2014, walikuta risasi ikitoka. Sumaku haiikamati, jicho haliioni, ladha haipo, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, ubongoni. Kipimo chake ni cha maabara. Kwa hiyo kwa sasa, aliye na sufuria ya kusubu asiyoijua ilikotoka asipikie humo ukwaju, ndimu wala nyanya, asilaze mchuzi humo, wala asiisugue kwa mchanga hadi ing'ae, maana ule utando wa juu ni kinga kidogo. Akiweza, abadilishe. Yangu yenye sikio moja iko chini ya meza ya karakana, na ndani yake nimeweka misumari.