Kisasi na Kitisho katika Hadithi za Kihistoria: Mfano wa Ngadji ya Wapokomo

Hadithi ya kutisha yenye msingi wa kihistoria huchukua dhuluma iliyotendeka kweli, ikaipa umbo la jinamizi linalomrudia mtendaji. Pale ambapo mahakama ya mtawala haikumsikiliza mtawaliwa, kisasi hukabidhiwa mizimu. Aina hii ya hadithi yazua maswali mawili: kitisho chatoka wapi, na kisasi chamwangukia nani?

Eneo la Tarasaa, katika delta ya Mto Tana, lina kisa kifaacho kuwa kielelezo. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliwanyang'anya Wapokomo ngadji, ngoma takatifu iliyotunzwa na wazee wa Kijo. Mwaka 1908 ngoma hiyo iliingizwa katika Makumbusho ya Uingereza, London, ikawekwa ghalani. Kwao, watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuiona; waliisikia tu ikinguruma kutoka mafichoni. Hapo ndipo kilipo kiini cha kitisho: kisikikacho bila kuonekana. Mwandishi wa kisasi cha ngadji hahitaji kumwaga damu. Ngurumo moja usiku ndani ya ghala yatosha.

Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa hufumbua fumbo kwa hoja, na hofu ya mzimu ikayeyuka. Hadithi ya kisasi hufanya kinyume. Hofu hubaki, kwa kuwa deni halijalipwa.

Swali la pili ni zito zaidi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100, wengi wao Wapokomo na Waorma, waliuawa katika delta hiyohiyo, shambulio moja likilipiza jingine. Kwa msomaji wa Tarasaa, basi, kisasi si jambo la kubuni. Hadithi itakayomwelekeza mzimu kwa jirani itachochea moto. Itakayomwelekeza kwenye uporaji wa 1902 itatenganisha kudai haki na kulipiza. Ngadji yafaa kwa kazi hiyo kwa sababu kinachodaiwa chajulikana, nacho chaweza kurudishwa, kama fuvu la Mkwawa lilivyorudishwa Uhehe mwaka 1954. Mzimu wenye dai la namna hiyo waweza kutulizwa; mzimu unaodai damu hautulizwi kamwe.