Miji ya Fasihi: Kutoka Edinburgh hadi Lamu

Mji unaweza kupata sifa ya kimataifa kwa mawe yake au kwa maneno yake. Mawe yanaonekana: mgeni akishuka bandarini anayaona majumba, misikiti na milango ya nakshi. Maneno hayaonekani kwa urahisi. Yamo katika miswada iliyofungiwa makabatini, katika tenzi zinazosomwa kwa sauti majumbani na katika riwaya ambazo mgeni hajawahi kuzisikia. Ndiyo maana miji mingi yenye fasihi kubwa inajulikana zaidi kwa majengo kuliko kwa waandishi wake.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lina taratibu tofauti za kuitambua miji ya aina hizi. Utaratibu wa zamani zaidi ni Orodha ya Urithi wa Dunia, inayotokana na mkataba wa mwaka 1972. Serikali ya nchi hupendekeza mahali, wataalamu hupakagua, kisha kamati ya mataifa hutoa uamuzi. Vigezo ni kumi, na mahali panatakiwa kutimiza angalau kimoja. Kigezo cha sita kinagusa mahali palipofungamana na matukio, imani, au kazi za sanaa na fasihi zenye uzito kwa dunia nzima, lakini kamati hupenda kigezo hicho kiambatane na vingine. Kwa hiyo ushairi peke yake ni vigumu kuuingiza mji katika orodha hiyo.

Utaratibu wa pili ni Mtandao wa Miji Bunifu, ulioanzishwa mwaka 2004 ukiwa na nyanja saba, fasihi ikiwa mojawapo. Hapa mji wenyewe ndio unaoomba. Unaulizwa una wachapishaji wangapi na wanachapisha nini, shule zake zinafundisha fasihi kwa kiwango gani, maktaba na maduka ya vitabu yakoje, matamasha ya uandishi yanafanyika au hayafanyiki, na kazi za kigeni zinatafsiriwa kiasi gani. Mji ukikubaliwa, hutoa taarifa ya kazi zake kila baada ya miaka minne.

Upo pia utaratibu wa kuteua Mji Mkuu wa Vitabu Duniani kwa mwaka mmoja mmoja. Ulianza na Madrid mwaka 2001, na Afrika imewakilishwa na miji kama Alexandria mwaka 2002, Port Harcourt mwaka 2014, Conakry mwaka 2017 na Accra mwaka 2023.

Edinburgh: mji wa kwanza

Oktoba 2004, Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ulitangazwa kuwa Mji wa Fasihi wa kwanza duniani. Mitaa yake ya kale ilikwishaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, lakini heshima hii ya pili ilitokana na vitabu. Encyclopaedia Britannica ilianza kuchapishwa hapo kati ya mwaka 1768 na 1771. Walter Scott, Robert Louis Stevenson na Arthur Conan Doyle, aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes, wote walizaliwa katika mji huo. Mnara wa kumkumbuka Scott una kimo cha zaidi ya mita 60, na kituo kikuu cha treni kinaitwa Waverley, jina la riwaya yake ya mwaka 1814.

Nguvu ya Edinburgh haikutokana na vipaji vya watu wachache tu. Tangu mwaka 1710 maktaba ya mawakili ya mji huo ilipewa kisheria haki ya kudai nakala ya kila kitabu kilichochapishwa nchini, na maktaba hiyo ndiyo iliyozaa Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Tamasha la kimataifa la vitabu lilianza mwaka 1983. Kwa karne tatu, basi, mji huo umekuwa na sheria inayolinda vitabu, mitambo inayovichapa na wasomaji wanaovinunua.

Timbuktu: miswada iliyookolewa

Timbuktu, nchini Mali, ulikuwa mji wa elimu karne nyingi kabla ya taratibu hizi kubuniwa. Ulisitawi kwa biashara ya chumvi na dhahabu kwenye njia za Sahara, na wanazuoni walikusanyika katika misikiti ya Djinguereber, Sankore na Sidi Yahya. Msafiri Leo Africanus, aliyeandika katika karne ya 16, alieleza kwamba vitabu viliuzwa huko kwa faida kubwa kuliko bidhaa nyingine. Mwanachuoni mashuhuri wa mji huo, Ahmed Baba, alihamishiwa Marrakesh kwa nguvu baada ya majeshi ya Morocco kuiteka dola ya Songhai mwaka 1591, na alirudi kwao baada ya miaka mingi ya uhamisho.

Miswada ya Timbuktu inahusu dini, sheria, falaki, tiba na sarufi. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiarabu, na mingine kwa lugha za Kiafrika zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Haikuhifadhiwa na dola. Ilihifadhiwa na familia, mtoto akirithi sanduku la vitabu kutoka kwa baba yake. Mji uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliuteka na kubomoa makaburi ya mawalii. Wakati huo wakutubi na wenye maktaba za familia, wakiongozwa na Abdel Kader Haidara, waliitia miswada katika masanduku ya bati na kuisafirisha kwa siri, kwa magari na kwa mashua za mto Niger, hadi Bamako. Makaburi yalijengwa upya kufikia mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wa waliohusika na ubomoaji huo kifungo cha miaka tisa. Kaburi lililobomolewa linaweza kujengwa tena. Mswada ulioungua usio na nakala umekwenda moja kwa moja.

Durban: fasihi ya lugha za wenyeji

Mji wa kwanza wa Afrika kuitwa Mji wa Fasihi ni Durban, Afrika Kusini, mwaka 2017. Karibu na mji huo, huko Inanda, John Dube alianzisha mwaka 1903 gazeti la Kizulu liitwalo Ilanga lase Natal, ambalo limedumu zaidi ya karne moja. Dube pia aliandika Insila kaTshaka, miongoni mwa riwaya za kwanza za Kizulu. Mshairi Mazisi Kunene, aliyezaliwa Durban, alitunga utenzi wake mkubwa juu ya Shaka kwa Kizulu kabla ya kuutafsiri kwa Kiingereza. Mji huo pia una tamasha la kila mwaka la ushairi wa Afrika. Historia ya Durban inathibitisha kwamba lugha ya Kiafrika iliyo na gazeti, shule na jukwaa inaweza kuubeba mji hadi kwenye heshima ya dunia.

Lamu na Pate: chimbuko la tenzi

Mji wa Kale wa Lamu, pwani ya Kenya, uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ndani kuna viwanja na kuta zenye zidaka, na nje kuna madaka na milango ya nakshi. Sifa zilizoutia mji katika orodha ni ujenzi huo, mchanganyiko wa tamaduni za Bahari ya Hindi, na nafasi ya mji katika elimu ya Kiislamu na sherehe za Maulidi, zinazohusishwa na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh.

Hata hivyo visiwa hivi ndivyo vilivyolea ushairi mkongwe wa Kiswahili. Katika kisiwa jirani cha Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,000 juu ya vita vya jeshi la Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Ni miongoni mwa tungo za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana tarehe yake. Baadaye Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akitafakari magofu ya majumba ya Pate na utajiri uliotoweka. Zidaka zile zile ambazo mgeni huzipiga picha leo katika nyumba za Lamu zinatajwa katika utungo huo kuwa ushahidi wa ulimwengu unaopita. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao mpaka sasa husomwa na kujadiliwa, wengine wakiusifu kwa hekima yake, wengine wakihoji nafasi unayompa mwanamke.

Mtu mmoja anaonyesha vizuri jinsi mawe na maneno yalivyoishi pamoja. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga milango wa Lamu. Mkono uliochora maua kwenye mbao ndio uliokuwa ukinakili tenzi kwa hati nzuri ya Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya, kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimwagizia nakala, na leo kazi zake zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Bila yeye sehemu kubwa ya fasihi ya Lamu isingejulikana. Lakini anayetaka kuiona hati yake mara nyingi hulazimika kuvuka bahari, ingawa milango imebaki Lamu.

Juhudi za kuibakiza miswada Afrika Mashariki zipo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi ya pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali ili isomwe bila kushikwashikwa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar: riwaya na taarabu

Mji Mkongwe wa Unguja ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2000, kwa usanifu wake, kwa mkutano wa tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya, na kwa historia ya biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Mchango wake katika lugha ni mkubwa vilevile. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja, lahaja ya mji huu, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyetoka kijiji cha Fumba na kuanza maisha ya mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Riwaya ilifuata. Muhammed Said Abdulla aliifungua njia ya hadithi za upelelezi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, yenye mpelelezi Bwana Msa. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu na Nyota ya Rehema. Adam Shafi aliandika Kuli, juu ya wapagazi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948, kisha Vuta N'kuvute, ambayo mitaa yake ni ya Mji Mkongwe wenyewe. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Mji huu unajua gharama ya kuchelewa. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na habari zake zikaenea dunia nzima. Mswada unaoliwa na mchwa katika sanduku la familia hautangazwi na mtu.

Kinachohitajika

Miji hii inatoa funzo moja. Majengo hulindwa kwa sheria na fedha za ukarabati. Fasihi hulindwa kwa kunakiliwa, kuchapishwa na kusomwa. Heshima ya UNESCO inaweza kuleta wageni na misaada, lakini haiwezi kuwafanya watoto wa Lamu au Unguja wawajue Mwana Kupona na Adam Shafi. Kazi hiyo ni ya shule, maktaba za miji, wachapishaji na halmashauri zinazoweza kuita mtaa kwa jina la mshairi au kutenga chumba cha kuhifadhia miswada. Ni kazi ya familia pia: karatasi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zisitupwe wala kuuzwa kabla hazijaonyeshwa kwa mtaalamu. Na msomaji anayepanga kuizuru miji hii aanze kwa kukisoma kitabu kimoja kilichozaliwa humo.