Nani Mwenye Nyumba Katika Kompyuta?

Tumchukue karani wa ofisi ambaye kazi yake ya kutwa hufanyika ndani ya ukurasa mmoja wa intaneti. Ndimo anamopokea barua, ndimo anamozijibu, ndimo anamotunza orodha ya mahudhurio. Ukurasa huo umebanwa katikati ya kurasa nyingine ishirini zilizofunguliwa katika kivinjari kimoja, na kila anapouhitaji hana budi kuutafuta. Anachotamani ni kidogo: ukurasa ule uwe na dirisha lake wenyewe, na alama yake ikae katika ukanda wa chini wa kioo pamoja na alama za programu nyingine, aibofye asubuhi na kuanza kazi. Anajaribu katika kivinjari alichokizoea, asipate. Mwenziwe wa meza ya pili, mwenye kompyuta ya namna ile ile lakini kivinjari kingine, hulipata jambo hilo kwa kubofya mara mbili tatu. Karani wetu huudhika, wala hatumlaumu.

Maudhi ya namna hii ni mengi, na wengi huyahesabu kuwa ni bahati mbaya au ni ujinga wao wenyewe. Si hivyo. Yana chanzo, na chanzo hicho kina historia. Katika makala hii tunakusudia kukieleza, ili kila atumiaye kompyuta ajue mambo aliyo na haki ya kuyadai.

Desturi za nyumba

Kwanza hatuna budi kueleza maana ya maneno. Mfumo endeshi ni programu kuu inayotawala kompyuta yote, kama vile Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, au mifumo ya jamii ya Linux. Tunaweza kuufananisha na nyumba. Ndio unaotoa madirisha, menyu, kisanduku cha kuchagulia faili, taarifa zinazochomoza pembeni mwa kioo, hifadhi ya maneno ya siri, na sauti inayomsomea asiyeona. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni mgeni katika nyumba hiyo. Mgeni huyo aweza kutumia vyombo vya nyumba, au aweza kuja na vyombo vyake mwenyewe.

Kila njia ina gharama yake. Kivinjari kinachotumia vyombo vya nyumba hufanana na programu nyingine zote, na mtumiaji hahitaji kujifunza upya. Lakini waundaji wake hulazimika kuifanya kazi ile ile mara tatu, kwa kuwa vyombo vya Windows si vya macOS, wala vya macOS si vya Linux. Kivinjari kinachokuja na vyombo vyake huundwa mara moja tu na kupelekwa kila mahali. Hasara yake ni kwamba kila mahali kinakokwenda huwa mgeni asiyejua desturi.

Mfano mkubwa wa njia hii ya pili ni Mozilla. Mnamo Januari 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani, ikiwa imezidiwa na Microsoft, ilitangaza kwamba itautoa msimbo wa kivinjari chake uwe wazi kwa watu wote. Msimbo huo ulitolewa tarehe 31 Machi mwaka huo huo. Waundaji waliourithi walibuni lugha yao ya kuchorea vitufe na menyu, iliyoitwa XUL, ili kazi moja itoshe kwa mifumo yote. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwani bila ya huo huenda watumiaji wa Linux wasingepata kivinjari cha kuaminika kwa miaka mingi. Hata hivyo, Mozilla 1.0 ilipotoka mwezi Juni 2002, wengi waliiona kuwa nzito, na ya kigeni popote ilipowekwa.

Watu hawakukaa kulalamika tu. Walichukua sehemu ya Mozilla inayochora kurasa, wakaijengea umbo linalolingana na nyumba zao. Kwa Windows ikazaliwa K-Meleon. Kwa mazingira ya GNOME katika Linux ikazaliwa Galeon. Kwa kompyuta za Apple ikazaliwa Chimera, ambayo baadaye iliitwa Camino. Camino ilitumia vyombo halisi vya Apple na kuyaweka maneno ya siri katika hifadhi ya mfumo wenyewe, jambo ambalo mkubwa wake hakulifanya. Toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2006, na uundaji wake ulikoma mwaka 2013. Ilikuwa kazi ya watu wachache walioudhika wakaamua kutenda, lakini mikono michache haiwezi kushindana na makampuni makubwa siku zote.

Maudhi yanapogeuka kuwa dhuluma

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya urembo: kitufe kikiwa cha mviringo au cha mraba, barua itaandikwa tu. Tungekubaliana naye, lau lisingekuwapo jambo la watu wasioona.

Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayosoma kwa sauti yaliyomo katika kioo. Programu hiyo haitazami rangi wala mistari. Huuliza mfumo endeshi: hapa pana nini? Mfumo hujibu: hapa pana kitufe, jina lake ni Tuma, hapa pana kisanduku cha kuandikia, hapa pana kichwa cha habari. Programu inayotumia vyombo vya nyumba hupata sehemu kubwa ya majibu hayo bila ya jasho. Lakini kivinjari kinachochora vitu vyake chenyewe, kisipochukua taabu ya kueleza kila kitu kwa lugha ya mfumo ule, kwa asiyeona huwa ni ukuta mtupu. Hata kivinjari kinachotumia vyombo vya nyumba hakiepuki kazi hiyo, maana ukurasa wa intaneti wenyewe hakikuukuta ndani ya nyumba, huuchora chenyewe.

Apple iliweka msomaji wa sauti aitwaye VoiceOver ndani ya mfumo wake mnamo Aprili 2005. Firefox, kivinjari mashuhuri cha Mozilla, kilikuwa kimekwisha kutoka katika toleo lake la kwanza Novemba 2004. Lakini ni mwezi Machi 2021, katika toleo la 87, ndipo Firefox ilipotangaza kwamba VoiceOver inaungwa mkono kikamilifu. Tuhesabu: ni takriban miaka 16. Mtoto asiyeona aliyezaliwa mwaka ule wa 2005 alikaribia kumaliza shule ya sekondari kabla ya mlango huo kufunguliwa sawasawa.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Katika Windows, Firefox ilikuwa imewafaa wasioona kwa miaka mingi, na Mozilla ilisaidia kwa fedha uundaji wa NVDA, msomaji wa sauti wa bure ulioanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Kwa hiyo si kweli kwamba waundaji hawakujali. Kilichotokea ni kwamba nyumba zilikuwa tatu na mikono haikutosha, na nyumba iliyokuwa na wakazi wachache ikasubiri. Lakini kwa anayesubiri, sababu nzuri haifungui ukurasa.

Mjenzi anapojifanya mwenye nyumba

Hadi hapa tumemlaumu mgeni. Yafaa sasa tumtazame mjenzi wa nyumba, maana naye ana kivinjari chake, na ana ufunguo wa kila mlango.

Mwaka 1997 Microsoft ilitoa Internet Explorer 4, kivinjari kilichoungana na Windows hata kioo cha kwanza cha kompyuta kikaweza kuwa ukurasa wa intaneti. Mwezi Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishitaki kampuni hiyo, kwa madai kwamba inatumia utawala wake katika mifumo endeshi kuwabana washindani. Mwaka 2000 jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Mahakama ya rufaa, mwezi Juni 2001, iliitengua amri hiyo ya kugawanya, lakini ilikubali kwamba kampuni ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria.

Huko Ulaya mambo yalikwenda mbali zaidi. Mnamo Desemba 2009 Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji wa Windows orodha ya vivinjari ili wachague wenyewe. Ahadi hiyo haikutimizwa katika toleo moja la Windows 7 tangu Mei 2011 hadi Julai 2012, na watu zaidi ya milioni 15 hawakuiona orodha hiyo. Mwezi Machi 2013 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni faini ya euro milioni 561.

Mtu angedhani kwamba somo limekwisha kueleweka. Lakini Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, aliyetaka kubadili kivinjari cha kufungulia kurasa zake alilazimika kukichagua upya kwa kila aina ya faili na kila aina ya kiungo, kimoja baada ya kingine. Hapakuwa na kitufe kimoja cha kusema: nataka hiki. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi Machi 2022 kitufe hicho kikaletwa. Aidha, mwezi Februari 2024 Apple ilitangaza kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya itaziondoa programu za intaneti ambazo watu huziweka katika kioo cha kwanza cha simu, kwa hoja kwamba sheria mpya ya Ulaya ingeilazimu kuvifungulia vivinjari vyote mlango huo. Watumiaji na waundaji walipaza sauti, na tarehe 1 Machi mwaka huo kampuni ikaurudi uamuzi wake.

Mambo haya mawili yana funzo moja. Kitufe kimoja kilikuwa kazi ndogo kwa kampuni kubwa kiasi hicho, na mlango uliokuwa ufungwe ulibaki wazi. Mara nyingi kinachokosekana si uwezo bali nia, na nia hubadilika watu wanaposema.

Turudi kwa karani wetu

Dirisha ambalo karani wetu anallitamani si ndoto mpya. Mozilla yenyewe ilianza jaribio la namna hiyo mwaka 2007, likaitwa Prism, likaachwa. Chrome, kivinjari cha Google, kiliikamilisha huduma hiyo kwa Windows, Linux na macOS kufikia mwaka 2019. Firefox ilijaribu tena kwa siri ndani ya mipangilio yake, kisha mapema mwaka 2021 ikaling'oa jaribio hilo, kwa maelezo kwamba uchunguzi wake haukuonyesha faida kwa watumiaji. Safari ya Apple iliipata huduma hiyo mwaka 2023. Hatimaye, mwezi Septemba 2025, Firefox 143 iliwawezesha watumiaji wa Windows kuuweka ukurasa katika ukanda wa chini wa kioo, ukafunguka katika dirisha lake. Tangu Prism hadi hapo ni miaka 18. Walioambiwa kwamba hawahitaji walikuwa wakihitaji.

Sasa tuulize: katika nyumba hii, mwenyewe ni nani? Mwundaji wa kivinjari amesema, mimi ni mgeni wa nyumba nyingi, sina nafasi ya kujifunza desturi za kila moja. Mwundaji wa mfumo endeshi amesema, nyumba nimeijenga mimi, basi mgeni wangu ndiye atakayekaa ukumbini. Wote wawili wamemsahau mtu wa tatu, aliyelipa fedha zake na anayeamka kila siku kufanya kazi humo. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi hapa ni karani na kurasa zake ishirini. Ni mwanafunzi asiyeona aliyesubiri miaka 16.

Kwa maoni yetu mambo matatu yangefaa. La kwanza, waundaji wa mifumo endeshi wavipe vivinjari vyote milango ile ile wanayovipa vivinjari vyao. La pili, waundaji wa vivinjari, wanapopanga kazi zao, watangulize vyombo vya wenye ulemavu kabla ya rangi na mapambo. Asiyependa umbo la kitufe aweza kukivumilia, lakini asiyeambiwa kwamba kitufe kipo hana la kuvumilia. La tatu latuhusu sisi watumiaji. Tusiyameze maudhi kimya kimya na kudhani kwamba hatujui kompyuta. Mozilla, kwa mfano, ina daftari la wazi la kasoro ambalo mtu yeyote aweza kuandika ndani yake. Anayeandika na aeleze mfumo anaotumia, toleo la kivinjari, alilotenda, alilolitarajia na lililotokea. Maelezo ya namna hiyo ndiyo humwezesha mwundaji kuiona kasoro na kuitengeneza; lawama tupu haimsaidii.

Mgeni aheshimu desturi za nyumba, na mjenzi akumbuke kwamba alikwisha kuiuza. Mwenye nyumba ni yule aketiye mbele ya kioo.