Njia ya Matembezi Ikaguliwe kwa Miguu

Iwapo mtaa wenu au kiwanda chenu kinakusudia kufanya matembezi ya hisani, bila shaka kamati imekwisha kuzungumzia fulana, mabango na mgeni rasmi. Njia hutajwa mwisho, tena kwa neno moja tu: tupite barabara kuu, watu watuone. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Matembezi si jambo geni kwetu. Mwezi Oktoba, 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Lakini barabara za siku zile hazikuwa na wingi wa malori na bodaboda tunaouona leo.

Wajumbe wawili watatu hawana budi kuitembea njia yote kwa miguu, katika siku ya juma na saa ileile iliyokusudiwa. Aliyeikagua akiwa ndani ya gari hataona mtaro usio na kifuniko, wala mahali ambapo meza za wachuuzi huwasukuma wapitao hadi kwenye lami. Wafuatane na mtoto wa miaka minane na mzee mmoja wa mtaa. Mtu mzima mwenye nguvu huweza kwenda kilometa 5 kwa saa. Kundi lenye watoto na wazee aghalabu halizidi 3. Basi kilometa 6 za kwenye karatasi hugeuka kuwa saa mbili za jua. Kwa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, ni heri kuondoka saa 12.30 asubuhi.

Tuchukue mfano wa Magomeni hadi Mnazi Mmoja. Barabara ya Morogoro yaonekana nyoofu na fupi, lakini hushuka katika bonde la Jangwani, ambalo limefurika mara nyingi wakati wa mvua kubwa. Tena katikati yake mna njia za mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016; mtoto aliyekwisha kuyapita magari ya kawaida hudhani amevuka, kumbe bado.

Kwa maoni yangu, bora kuzunguka ndani ya mitaa na kurudi mlipoanzia. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, tembeeni upande wa kulia mkiyatazama yanayokuja, na mpinde kulia kila kona. Mkifanya hivyo hamtavuka barabara kubwa hata mara moja. Mtakatiza vichochoro tu.

Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, njia ikiwa imeandikwa mtaa kwa mtaa. Katikati ya safari pawepo kivuli, maji, na gari la kuwachukua waliochoka. Naye mwenye orodha ya majina ya watoto atembee nyuma kabisa, si mbele kando ya mgeni rasmi.