Kisu cha Mfukoni na Udugu wa Wakusanyaji

Kisu cha mfukoni cha kimapokeo ni kisu kidogo cha kukunja ambacho bapa lake, likiwa limefunguliwa au limefungwa, hushikiliwa mahali pake na kamani, yaani kipande chembamba cha chuma cha pua kinachopita mgongoni mwa mpini na kulikaza bapa, pasipo kufuli wala kitufe cha aina yoyote. Visu vya namna hiyo vilitengenezwa kwa wingi Sheffield nchini Uingereza, Solingen nchini Ujerumani na Thiers nchini Ufaransa, na baadaye katika viwanda vya Marekani, hasa vya majimbo ya New York na Pennsylvania. Kwa kuwa wakulima, mabaharia na mafundi walivinunua ili wavitumie hadi viishe, vingi vilinolewa mpaka bapa likabaki jembamba kama uzi, na vichache vilivyosalia katika hali yake ya awali ndivyo wanavyovitafuta wakusanyaji wa leo. Ukusanyaji huo huelezwa mara nyingi kuwa ni mapenzi ya vitu tu, lakini maelezo hayo yana upungufu mkubwa, kwa sababu mkusanyaji wa visu asiye na marafiki hana njia ya uhakika ya kuthibitisha kile alichonacho.

Jambo la kwanza linalochunguzwa katika kisu ni msuka, ile sehemu ya bapa isiyo na makali inayoingia ndani ya mpini, kwa kuwa hapo ndipo kiwanda kilipogonga chapa yake. Mfano bora ni wa kampuni ya W.R. Case & Sons ya mjini Bradford, Pennsylvania, ambayo chapa zake husomwa kama kalenda: kuanzia 1940 hadi 1964 msuka uliandikwa CASE XX, kuanzia 1965 hadi 1969 yakaongezwa maandishi U.S.A., na mwaka 1970 zikawekwa nukta 10 ambazo ziliendelea kupunguzwa moja kila mwaka, kiasi kwamba kisu chenye nukta 7 hujulikana papo hapo kuwa ni cha 1973. Kisu huwa pia na namba ya muundo, ambayo husomwa kipande kwa kipande. Katika namba 6254, tarakimu 6 huonyesha mpini wa mfupa uliotiwa vijishimo kwa mashine, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni muundo uliopewa jina la watega wanyama wa manyoya, wenye mabapa mawili marefu. Kisu hichohicho kikivishwa pembe ya kulungu badala ya mfupa, namba hubadilika kuwa 5254.

Hata hivyo, orodha ya chapa haitoshi. Msuka unaweza kusuguliwa na kugongwa chapa nyingine, bapa lililovunjika linaweza kubadilishwa na fundi stadi, na viwanda vyenyewe vilikuwa na desturi ya kumaliza akiba ya mabapa ya zamani, hivyo kisu halali huweza kudhaniwa cha bandia na cha bandia kikapita kama halali. Huko Sheffield ugumu ulizidi, kwa sababu kazi nyingi ilifanywa na mafundi wadogo waliojitegemea, waliokodi chumba cha kazi na kutengenezea kampuni mbalimbali visu ambavyo havikubeba majina yao. Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021, alihesabiwa miongoni mwa wa mwisho wa kizazi hicho. Ndiyo maana wakusanyaji huketi pamoja, wakaviweka visu viwili vya aina moja sambamba, wakavielekeza kwenye mwanga ili kuona kama kuna upenyo kati ya kamani na kuta za mpini, kisha wakavifungua polepole karibu na sikio. Hapo hupimwa mambo mawili ambayo kitabu hakiwezi kuyafundisha: mwendo, yaani ulaini wa bapa linapozunguka juu ya kamani, na mlio, yaani ile sauti kavu inayosikika bapa linapofika mwisho wa safari yake. Mkono uliokwisha kufungua mamia ya visu hutambua kamani iliyobadilishwa kabla jicho halijaona kitu, na mgeni asiye na mkono wa namna hiyo karibu naye huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kutokana na mahitaji hayo umezuka udugu wenye adabu zake. Kisu cha mwenzako hakifunguliwi bila ruhusa, na bapa haliguswi kwa vidole, kwa kuwa chumvi ya jasho huleta kutu. Anayepewa kisu kama zawadi humrudishia mtoaji senti moja ili kihesabiwe kuwa kimenunuliwa, kwa kufuata imani ya kale ya Wazungu kwamba kisu cha bure hukata urafiki. Vyama vya wakusanyaji, kikiwemo cha visu vya Case kilichoanzishwa mwaka 1981, huagiza visu maalumu kwa ajili ya wanachama wao, lakini la thamani zaidi ni desturi ya wazee kumpa kijana kisu chake cha kwanza pamoja na maelezo yake yote.

Maelezo hayo ni pamoja na ya mpini. Seluloidi, plastiki ya kale iliyopendwa kwa rangi zake, ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokila kisu chenyewe na kuambukiza kutu visu vilivyo jirani, hivyo hutengwa. Pembe za ndovu zina historia nzito zaidi, nayo inawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja: katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, na sehemu ya shehena iliyofika Uingereza iliishia Sheffield, ikawa mipini. Mkusanyaji anayekisifu kisu kama hicho bila kuwataja wapagazi na ndovu waliolipia uzuri wake anaacha nusu ya historia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliouasisi, na tangu 2022 Uingereza imezuia uuzaji wa vitu vingi vyenye pembe hizo hata kama ni vya kale.

Msomaji aliyerithi kisu cha mfukoni asikipige msasa wala kukitia dawa ya kung'arisha kabla ya kukionyesha kwa mtu anayevijua, kwa sababu chapa iliyofutika hairudi. Akifute vumbi kwa kitambaa kikavu, atie tone la mafuta kwenye kiungo, na asikiweke muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.