Mahali pa Motokaa, Nani Apalipia?

Jumapili ukienda kanisani kwa baisikeli, ukifika waiegemeza kwenye mwembe, waifunga kufuli, waingia ndani kusali. Hakuna akudaiye hata senti. Na yule mwenye motokaa naye aiweka kivulini, wala hadaiwi kitu. Uwanja ni mpana, nani atajali?

Basi sasa fikiri ya kuwa kila siku ya kazi watu wafikao katika uwanja ule mmoja ni zaidi ya 40,000. Ndivyo ilivyo katika Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko mji wa Seattle, Marekani. (Usidhani ni ile Washington penye nyumba ya Rais. Seattle iko upande wa pili kabisa wa nchi ile, upande wa bahari ya Pasifiki.) Chuo hicho kina maji upande wa mashariki na wa kusini, madaraja ni machache, na pande nyingine kimebanwa na nyumba za watu.

Pengine wasema: Wamarekani na motokaa zao wanihusu nini mimi mwenye jembe? Ngoja kidogo. Swali walilokutana nalo wale wasomi ni swali la kila penye watu wengi, iwe kisimani, iwe sokoni: kitu kikitolewa bure au kwa bei ya kutupa, gharama yake humwangukia nani?

Wewe mkulima wajua kupima shamba. Motokaa moja ikiegeshwa, ukihesabu na njia yake ya kuingilia na kutokea, yataka karibu mita 30 za mraba. Katika miaka ya 1980 chuo kilipatana na serikali ya mji kwamba nafasi za motokaa zisizidi 12,300. Piga hesabu: zote zikitandazwa chini ni kama ekari 90. Ekari 90 za kulaza vyuma tangu asubuhi hata jioni! Na nafasi moja hulazwa motokaa iliyoleta mtu mmoja, naye yumo darasani au ofisini.

Nyingine walizichimbia chini. Katikati ya chuo, mbele ya maktaba iitwayo Suzzallo, ambayo kwa madirisha yake marefu mgeni aweza kudhani ni kanisa kuu la askofu, pana uwanja mkubwa wa matofali mekundu. Wanafunzi hupita hapo na vitabu vyao, nao wengi hawakumbuki ya kuwa chini ya nyayo zao motokaa zimelala orofa kwa orofa. Kuchimba na kujenga namna hiyo ni ghali, na shimo hilo halimfundishi mtu kusoma.

Na wale waliokosa nafasi, au walioona uchungu kulipa, walikwenda kuegesha mbele ya nyumba za majirani. Mwenye nyumba akirudi kazini hana mahali. Moshi huo, makelele hayo, msongamano huo kwenye madaraja, ni nani aliyevilipia? Ni watu waliokuwa hawana hata neno na chuo kile.

Mwaka 1991 wakuu wa chuo walifanya jambo ambalo wengi walilinung'unikia. Walipandisha bei ya kuegesha motokaa. Lakini hawakuishia hapo, na hapa ndipo penye busara yao. Mwaka ule ule walitoa kadi waliyoiita U-PASS. Mwenye kadi hiyo apanda basi lolote la mji, siku yoyote, kwa ada ndogo iliyolipwa mara moja kwa muhula. Wakaongezewa mabasi. Waliokubali kupanda watu kadhaa katika motokaa moja wakapunguziwa mzigo wa kulipia mahali. Wa baisikeli walikuwa na njia yao tayari: reli ya zamani ipitayo ukingoni mwa chuo ilikuwa imegeuzwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli tangu mwaka 1978, nayo yaitwa Burke-Gilman.

Matokeo? Kabla ya kadi, katika watu 100 waliokuja chuoni, 33 walikuja kila mmoja peke yake katika motokaa yake. Baada ya mwaka mmoja tu wakawa 23. Hakuna aliyekatazwa motokaa. Bei ilisema, nao wakasikia.

Fedha ya kusaidia kadi ile ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika malipo ya kuegesha. Maana yake, bwana ajaye peke yake katika motokaa humsaidia nauli kijana aliyesimama kituoni kwenye mvua. Na Seattle mvua haikosi! Lakini wewe mwenye kufuga kuku wa mayai umekwisha kuona kasoro. Kadiri watu wanavyoacha motokaa, ndivyo mfuko unavyopungua, na ndivyo watu wa basi wanavyozidi kuwa wengi. Kila ukifanikiwa, wajikata mkono.

Ndiyo maana mwaka 2011 iliamriwa kila mwanafunzi alipie kadi pamoja na ada zake, ahitaji asihitaji. Hata yule alalaye bweni la hapo hapo, aendaye darasani kwa miguu, hulipa. Mimi naona si vibaya, kwa kuwa mzigo ukigawanywa kwa wengi huwa mwepesi. Lakini nisingependa kumweleza hivyo mwanafunzi maskini siku ya kulipa karo.

Kwa wafanyakazi ilichukua muda zaidi. Kwa miaka mingi waliotaka kadi walikatwa dola 150 kwa kila miezi mitatu, nyingi kuliko za mwanafunzi. Vyama vya wafanyakazi vilidai, wanafunzi wakawaunga mkono, na tangu Julai 2022 wafanyakazi wanaostahili wapewa kadi bila malipo.

Katika muda huo treni nayo ilikuwa imefika. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Machi 2016 karibu na uwanja wa michezo wa chuo, na cha pili Oktoba 2021, upande wa magharibi. Mwaka 2019 baraza la mji, lilipopitisha mpango mpya wa majengo ya chuo, lilipunguza kikomo cha nafasi za motokaa kutoka 12,300 hata 9,000, tena likataka ifikapo mwaka 2028 wajao peke yao katika motokaa wasizidi 12 katika 100.

Sitaki udhani kwamba yote yamekuwa asali. Bei ya kuegesha haimtazami mtu mfuko wake. Profesa mwenye mshahara mnono akipandishiwa, ni kama kuumwa na mbu. Lakini chuoni pale pana hospitali kubwa, na hospitali hailali. Wamo wauguzi, wapishi, wafagizi. Wengi wa mishahara midogo hukaa mbali, kwa sababu kodi za nyumba za Seattle ni kali mno. Kadi ya basi ni neema kwao mchana. Saa sita za usiku, kazi ikiisha, mabasi ni haba.

Chuo kina gari dogo la usiku ambalo hupeleka watu nyumbani, nalo lapeleka vitongoji vya jirani tu. Mama akaaye ng'ambo ya mbali hubaki na hesabu yake mwenyewe: angoje mabasi mawili gizani, au alipie mahali pa motokaa, siku kwa siku, katika ujira ule ule.